Je, Wajua? Dumu Nusu Husumbua Kuliko Dumu Zima

Je, wajua kwamba dumu la lita 20 lililojaa nusu linaweza kukupiga chini upesi kuliko lililojaa mpaka shingoni? Lililojaa ni jiwe, kilo 20 zilizotulia. La nusu lina kilo 10 tu, lakini kilo hizo zinatembea. Maji ndani ya dumu huenda na kurudi karibu mara moja na nusu hadi mbili kwa sekunde, na miguu ya mwendesha baiskeli asiye na haraka nayo hukanyaga pedeli kwa kadiri hiyohiyo. Maji na miguu vikikutana kwenye mdundo mmoja, baiskeli huanza kucheza ngoma ambayo hukuiita. Kwa hiyo ukimwona kijana bombani Nzuguni, Dodoma, anang'ang'ania kujaza dumu lake la mwisho hadi mdomoni, na foleni nyuma inamnung'unikia, usimwone mchoyo. Anajitengenezea safari.

Mama zetu walilijua hili kabla baiskeli haijafika uwanda wa kati. Ndoo ya kichwani huwekewa majani juu, au tawi dogo, au siku hizi sahani ya plastiki. Jani linaloelea huvunja wimbi kabla halijapata nguvu. Malori ya mafuta yana kuta ndani ya tangi, zenye matundu, zinazofanya kazi ileile ya jani.

Je, wajua kwamba "kuyumba" na "kutetema" ni magonjwa mawili? Fundi akikuuliza "inayumba au inatetema?" hakupotezei muda. Kuyumba ni polepole: mkia wa baiskeli unakwenda kushoto, unarudi kulia, mwili mzima unafuata kama mlevi mwenye adabu. Kutetema ni kwa kasi: usukani unatikisika mikononi mara 4 hadi 10 kwa sekunde, macho yanaona barabara mbili, na mtu anaanza kutaja majina ya wazazi. Kuyumba mara nyingi kunatoka kwenye mzigo na keria. Kutetema kunatoka mbele, kwenye shingo ya usukani na gurudumu lake, lakini mbele hushirikiana na ulegevu wa fremu nzima. Wahandisi wa baiskeli na pikipiki nao wameyatenga mambo haya mawili, kila moja na hesabu zake.

Wajua kwamba gurudumu la inchi 28, lile la baiskeli ya Phoenix na ndugu zake, likizunguka mara moja unakuwa umesogea kama meta 2.2? Sasa fanya hesabu. Kwenye mteremko ukifika kilomita 32 kwa saa, gurudumu hilo linazunguka mara 4 kila sekunde. Ikiwa rimu imepinda mahali pamoja tu, au tairi limekaa upande, unapata makofi 4 kwa sekunde, na kama nilivyosema hapo juu, 4 ndipo mlango wa kutetema unapofunguliwa. Ndiyo maana baiskeli ileile iliyokuwa mtiifu kwenye kilomita 15 inageuka nyoka kwenye 32, na ukipunguza mwendo inatulia kama vile haikufanya kitu.

Kofi moja halifanyi lolote. Mtoto kwenye bembea hasukumwi kwa nguvu, anasukumwa kwa wakati. Mwaka 1831, karibu na Manchester, daraja la Broughton liliporomoka chini ya kikosi cha askari waliokuwa wakipita kwa hatua moja. Hawakuwa jeshi zima, walikuwa wachache tu, ila miguu yao ilikubaliana. Tangu hapo askari wa Uingereza wakawa wanaamriwa kuvunja hatua wakifika darajani. Na mwaka 2000 jijini London, daraja jipya la waenda kwa miguu la Millennium lilifungwa siku mbili tu baada ya kufunguliwa, kwa sababu lilikuwa linayumba ubavuni na watu wakawa, bila kujua, wanatembea kwa kulifuata.

Je, wajua kwamba usukani hushtakiwa bure? Hapa nina ushahidi wa nyumbani. Baiskeli yangu ilikuwa inatetema kila nikifunga madumu mawili nyuma. Nikabadilisha tairi la mbele. Nikabadilisha gololi za shingo. Nikanunua hata usukani mwingine, jambo ambalo leo silisemi mbele ya watu. Mwishowe nikaipeleka kwa kijana mmoja anayefanyia kazi chini ya mgunga, sanduku moja la spana na ndoo ya maji ya kutafutia pancha.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Usukani unanisumbua."

Hakuugusa. Alibana tandiko kwa mkono mmoja, mkono mwingine akaushika mwisho wa keria, akausukuma ubavuni. Tandiko halikusogea. Keria ilikwenda upana wa vidole viwili, ikarudi, ikaenda tena.

"Unaona, mzee? Hii ina mkia wa mbwa. Ukifunga mzigo hapa, mkia unamtikisa mbwa."

Alikaza nati mbili za chini, karibu na ekseli, akakuta moja haina hata uzi. Kisha akakata kipande cha nondo nyembamba, akakilaza mshazari kutoka kona ya keria hadi kwenye bomba la fremu chini ya tandiko, akakifunga kwa vibano. Pembetatu. Umbo la pande nne hulala ubavu ukilisukuma, pembetatu hailali. Kazi ya dakika ishirini, na usukani wangu wa zamani, nilioutupa kwa hasira, ulikuwa hauna kosa.

Tangu siku hiyo nina msimamo, nao ni huu: kwa baiskeli ya mzigo, tazama keria kwanza, halafu namna mzigo ulivyofungwa, halafu ndipo uende mbele. Mafundi wengi mjini huanzia mbele kwa sababu mbele ndipo mteja anapoonyesha kidole.

Wajua kwamba baiskeli ya Buffalo, ile iliyobuniwa na shirika la World Bicycle Relief kwa ajili ya vijiji vya Afrika, keria yake imeundwa kubeba kilo 100? Keria ya kawaida ya dukani haina nia hiyo. Ndiyo maana huku kwetu ya kwanza kuchomelewa nondo kwenye baiskeli mpya ni keria, hata kabla plastiki ya tandiko haijatolewa.

Je, wajua kwamba gurudumu la nyuma la baiskeli kubwa ya kizamani lina spoki nyingi kuliko la mbele? Hesabu mwenyewe: kwa kawaida 32 mbele, 40 nyuma. Ni urithi wa Kiingereza, viwanda vya India na China vikauchukua. Aliyepanga hivyo alijua mzigo utakaa wapi. Ukitaka kujua kama zimekaza, zikung'ute moja moja kwa kidole au bisibisi: iliyokaza inalia, iliyolegea inakohoa.

Vipimo vitatu vya bure kabla ya kumlipa mtu. Cha kwanza, bana breki ya mbele, kisha isukume baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia "tko, tko" kwenye shingo, gololi au vikombe vyake vimelegea. Cha pili, inua gurudumu la mbele na uuache usukani ugeuke wenyewe. Ukisimama katikati kama uliopata kitanda, vikombe vimechimbika, na kukaza hakutasaidia, badilisha. Cha tatu, shika rimu kwa vidole na uivute kushoto na kulia. Ikicheza, ni gololi za habu. Na tahadhari: shingo iliyokazwa kupita kiasi nayo ni tatizo. Baiskeli hujisawazisha kwa visukumo vidogo vya usukani ambavyo hata hutambui unavifanya. Shingo ikigoma, visukumo vinachelewa, na baiskeli inatangatanga barabarani hata kwa mwendo wa kwenda kanisani.

Hilo la kujisawazisha limewasumbua wenye vichwa vikubwa kwa zaidi ya karne. Wajua kwamba milinganyo kamili ya kwanza ya uthabiti wa baiskeli iliandikwa na Francis Whipple wa Cambridge mwaka 1899? Mwaka 1970 David Jones, mkemia, alijaribu kuunda baiskeli isiyoweza kuendeshwa. Akaongeza gurudumu linalozunguka kinyume ili kuua nguvu ya mzunguko ambayo wengi waliamini ndiyo inayotusimamisha, na bado akaiendesha. Mwaka 2011 watafiti wa Uholanzi na Marekani waliandika katika jarida la Science kuhusu baiskeli waliyoiunda bila nguvu hiyo na bila ule mvuto wa gurudumu la mbele kufuata nyuma ya shingo yake, kama la kitoroli cha dukani. Wakaisukuma, wakaiachia. Ikaenda yenyewe, wima. Kwa hiyo mtu akikwambia baiskeli husimama "kwa sababu ya magurudumu kuzunguka, basi", mwachie aendelee na chai yake.

Je, wajua kwamba mzigo mrefu hauanguki upesi kuliko mfupi? Simamisha kalamu kwenye ncha ya kidole, halafu simamisha mpini wa jembe. Mpini ni rahisi, kwa kuwa kitu kirefu huanguka polepole na mkono unapata muda wa kukifuata. Ndiyo siri ya baiskeli ya mkaa yenye magunia marefu kuliko mwenyewe: haidondoki hovyo kama unavyotarajia ukiitazama kwa nyuma. Ubaya wake uko kwingine. Ikishaanza kuinama, kuirudisha kunahitaji nafasi na nguvu, na juu kule mzigo unapinda kamba na keria kabla fremu haijapata habari. Hapo usukani unapokea ujumbe wa jana.

Kwa hiyo kizito chini, chepesi juu. Hili kila mtu analijua. Lisilojulikana sana ni la mbele na nyuma. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, unafanya kazi ya mtoto mnene kwenye mbao ya kubembea: gurudumu la mbele linapata wepesi, linagusa barabara kama mgeni. Usogeze mbele hata kwa shibiri moja, gunia liguse tandiko, mgongo wako uliguse, na usukani utapata uzito wa kufanyia kazi. Madumu ya kuning'iniza pembeni ni mazuri kuliko ya kupanga juu, mradi yabanwe chini pia. Dumu lililofungwa shingoni tu ni kengele.

Na kufunga? Mpira wa tyubu kuukuu uliokatwa ukanda huzishinda kamba zote. Kamba ya katani ikilegea kidogo imelegea moja kwa moja. Mpira unaendelea kuvuta hata gunia likijipanga upya ndani. Funga mshazari, X juu ya X, na kila ukanda urudi kwenye fremu, usiishie kwenye keria peke yake.

Wajua lumbesa? Bila shaka, ni ule mfuko uliovimbishwa juu kwa kushonewa wavu hadi ukaota kichwa. Wakala wa Vipimo wanaupiga vita kwa ajili ya mkulima anayepunjwa. Mimi ningeongeza shtaka la pili kwa niaba ya mwenye baiskeli, maana kile kichwa hakina mahali pa kufungwa. Kinacheza peke yake juu, kama abiria aliyesinzia.

Je, wajua kwamba mbigili wa Dodoma hana haraka? Mwiba wake mfupi hautoi pancha ya kishindo. Unaingia, unakaa, tairi linapoteza upepo kwa saa nzima huku wewe ukilaumu barabara. Tairi laini chini ya mzigo hujikunja ubavuni kila pedeli inapokanyagwa, na ndipo kuyumba kunapoanzia. Kabla ya kulaani keria, bonyeza tairi kwa kidole gumba. Njia za mkato zinazotoka Nzuguni kwenda mashambani zinajaa mbigili mvua zikikatika, na hapo fundi wa mgunga hupata hela ya shule.

Je, wajua upepo wa Agosti? Wanaokwenda maonyesho ya Nanenane kwenye viwanja vya John Malecela, palepale Nzuguni, wanaufahamu kwa vumbi la kwenye meno. Kwa mwenye mzigo mrefu upepo wa ubavuni ni mkono wa mtu. Ukiwa wa mfululizo unauzoea, unaegemea. Unaoua ni ule unaokatika ghafla, nyumba au ukuta ukikukinga, ukajikuta umeegemea hewa. Chamchela ndiye mbaya zaidi: anakusukuma kutoka kulia, sekunde inayofuata kutoka kushoto. Shuka, shika baiskeli, ngoja apite. Hata wazee wa Kigogo hawabishani naye.

Basi nalo ni upepo. Tangu stendi kuu ihamie Nzuguni, barabara ya Morogoro upande ule haikosi basi. Likikupita kwa karibu, kwanza linakusukuma nje ya barabara, na mara tu pua yake ikishapita, linakuvuta ndani kuelekea matairi ya nyuma. Walioanguka wengi hawakuangushwa na msukumo. Waliupinga kwa nguvu, kisha mvuto ukaja ukawakuta tayari wameinamia upande wake. Legea kidogo, usishindane.

Sasa imeshaanza kutetema, uko mteremkoni, kilo 60 nyuma. Unafanyaje? Wajua kwamba dawa iko magotini? Bana bomba la juu la fremu kwa magoti yote mawili. Mwili wa binadamu ni godoro. Ukilibana kwenye bomba, linakula mtikisiko. Inua makalio kidogo kutoka kwenye tandiko. Usukani ushike kwa utulivu, usiuminye, maana mikono iliyokakamaa inakuwa sehemu ya chuma. Breki ya nyuma, taratibu. Ya mbele iache: gurudumu linalotetema likibanwa linageuka lilikoelekea wakati huo, na hujui ni wapi.

Ndiyo maana pia baiskeli ya kike, isiyo na bomba la juu, hutetema zaidi ikibebeshwa. Inapinda ubavuni kwa urahisi, na huna cha kubana. Nzuri kwa gauni, mbaya kwa mahindi.

Wajua kwamba mwaka 1954, katika vita vya Dien Bien Phu, wabebaji wa Vietnam walipitisha vifaa msituni kwa baiskeli, nyingine zikiwa na zaidi ya kilo 200? Hawakuziendesha. Walifunga mti mmoja kwenye usukani kuurefusha, na mwingine ukasimama nyuma ya tandiko, wakatembea pembeni wakisukuma. Ukimwona mwenye mkaa anaikokota baiskeli kwa fimbo iliyofungwa usukanini, ni ufundi uleule, na hakuna aliyemfundisha mwenzake. Goma, mashariki mwa Kongo, walikwenda mbali zaidi, wakatupa tandiko na pedeli. Chukudu ni ya mbao, ubao wake wa mzigo uko chini karibu na ardhi, usukani mpana kama pembe za ng'ombe. Inateremka na magunia kwenye mawe ya volkano. Mji umemjengea mwendesha chukudu sanamu, naye anastahili.

Je, wajua kwamba Dodoma iko kwenye njia ya baiskeli ya Cairo hadi Cape Town? Wazungu waliochomwa na jua wanaopita kutoka Babati na Kondoa, kilomita 251 za lami iliyozinduliwa mwaka 2018, kisha wanashika njia ya Iringa na bwawa la Mtera, ndio hao. Tazama wanavyofunga: mifuko miwili ya nyuma, miwili ya mbele iliyoshushwa mpaka usawa wa ekseli, hakuna kinachoning'inia. Gurudumu la mbele nalo limepewa mzigo wake lisikae bure. Nimewahi kumwona mmoja amesimama Nzuguni kununua maji, akamkodolea macho kijana mwenye madumu sita. Kijana naye akaiinamia keria ya mgeni, akaishika, akaisukuma ubavuni. Haikusogea. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akapanda yake, akaenda.

La mwisho, maana nimeambiwa nafasi imekwisha. Je, wajua ni mzigo gani mgumu kuliko yote? Si maji, si mkaa. Ni kuku. Tenga la kuku hai nyuma ya baiskeli lina uzito mdogo, lakini kila kona wote hukimbilia upande mmoja, na kila honi ya basi wanarudi upande wa pili. Kuku gizani hasogei. Hivyo wafanyabiashara wanaowahi soko la Job Ndugai hutoka vijijini nyota zikiwa bado juu, na kukipambazuka kabla hawajafika, husimama pembeni mwa njia, wanafunika tenga kwa gunia pande zote, wanasikiliza mpaka kelele ziishe, ndipo wanakanyaga tena.